Maalim, topiki yangu imerudishwa tena!

Swali: Assalaam alaykum Maalim, shikamoo. Mi ni binti wa Langoni, Lamu, nasoma diploma ya maendeleo ya jamii mwaka wa pili. Tumepewa asaimenti ya insha ya utafiti, maneno 3,000, lakini kwanza upeleke propozo ya ukurasa mmoja lekchara aipitishe. Nilipeleka "Utalii katika Lamu" akairudisha kaandika PANA MNO kwa kalamu nyekundu. Nikapeleka "Athari za bandari ya Lamu kwa jamii", nayo hivo hivo. Nimebakiwa na wiki moja, naona huyu mtu ananichukia tu. Na nyumbani hata kusoma sipati, baba na ami yangu kutwa wanabishana, huyu ana punda wake wa mizigo, huyu kanunua pikipiki anabebea mizigo ile ile, ni kelele asubuhi mpaka usiku. Nisaidie Maalim.

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Lekchara wa watu mwache, hakuchukii, angekuchukia angeipitisha hiyo ya bandari akakuacha uzame nayo.

Hebu itazame. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, lakini kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Malindi ilishaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 wafidiwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa bahari yao, na hapo hujagusa mashamba, hujagusa mikoko, hujagusa vijana na ajira, wala ile leseni ya umeme wa makaa ya mawe iliyofutwa 2019 ambayo ukitaja tu bandari lazima mtu atakuuliza. Alafu hilo neno "jamii", ni jamii gani? Mvuvi wa Mokowe na mwenye duka la Mkomani hawakuguswa sawa. Maneno 3,000 ni kurasa kumi na kidogo, utataja kila kitu na hakuna hata kimoja utakachokieleza mtu akaelewa.

Nakucheka kidogo lakini mi mwenyewe nilipokuwa chuo nilipeleka propozo ya mikoko ya Pwani yote, Vanga mpaka Kiunga, eti kwa semista moja na nauli ya kuomba kwa mama. Nikaishia kuhesabu boriti kijiji kimoja, na ndo ikawa kazi yangu nzuri kuliko zote nilizofanya pale.

Sasa mwanangu, topiki umeniandikia mwenyewe kwenye barua na hujaiona. Baba ana punda, ami kanunua pikipiki, wanabishana. Wanabishana nini? Bei ya mzigo? Nani anaitwa kwanza jahazi ikitia nanga na mchanga? Vichochoro gani pikipiki haipiti na punda anapita? Hayo hayajakaa maktaba yakikungoja, yako hapo kwenu ukumbini na unayaita kelele. Mi ningeandika hivi: "Wenye punda wa mizigo wa Langoni wamebadilisha nini katika kazi yao tangu pikipiki zianze kubeba mizigo kisiwani?" Ona ilivyobana, watu fulani, mtaa fulani, kitu fulani kilichotokea, na mwisho kuna alama ya kuuliza. "Utalii katika Lamu" haina alama ya kuuliza, ndo maana hata ungepewa mwaka mzima usingejua umemaliza lini.

Kipimo changu ni rahisi, swali naliuliza mambo mawili. Naweza kwenda kwa miguu kulitafutia jibu nikarudi kabla ya maghrib? Na jibu laweza kunishangaza? Kama ushajua utakuta nini (punda wanaonewa, pikipiki mbaya, basi) usihangaike kwenda. Labda utakuta wenye punda wengine wanafurahia pikipiki manake kazi za mbali zimewatoka wamebaki na za karibu zenye pesa, sijui, na wewe hujui, ndo utamu wake.

Kwenye ule ukurasa mmoja anza na swali lenyewe, mstari wa kwanza, usianze na "tangu zama za kale mwanadamu amekuwa akitumia wanyama", lekchara kashazisoma hizo mia. Kisha mwambie kwanini mtu ajali: huu ni mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, mitaa yake imejengwa kwa upana wa mtu na punda, na huyo punda anategemewa kiasi kwamba ana hospitali yake hapo Lamu tangu 1987, kwahivo akipungua kazi si habari ya baba yako peke yake. Alafu mwambie utafanyaje, na hapa ndo wengi wanapoanguka manake wanaandika "nitafanya utafiti wa kina" na kunyamaza. Andika kwamba utakaa gatini asubuhi siku nne, na hata moja isiwe Ijumaa, ukihesabu mizigo ya saruji na mchanga inayoondoka kwa punda na inayoondoka kwa pikipiki. Kwamba utaongea na wenye punda kumi na vijana wa pikipiki watano na maswali ni haya matatu. Lekchara akisoma hivo anaona kazi, anaona tarehe ya kumaliza, anapitisha.

Baba na ami zungumza nao kwanza ujue cha kuuliza, lakini usiwatie kwenye wale kumi, na kwenye insha useme wazi kuwa ni watu wa nyumbani kwenu, ukificha likaja kujulikana utaonekana ulitaka kumshindia baba. Pia chukua barua ya chuo ya kukutambulisha, na muulize lekchara kama kazi ya ngazi yako inahitaji kibali cha NACOSTI (tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti), muulize mapema sio siku ya kukusanya.

*

Swali: Maalim mambo? Mi wa Shella ya Malindi, nataka kuandika juu ya Vasco da Gama manake habari zake ni tele. Ni sawa? 

Jibu: Poa kijana. Tele ndo tatizo lako, utakopi tu. Alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi, hayo kila mtoto wa shule anayo. Lakini huyo rubani alikuwa nani? Wengi hapo kwenye mnara wa Vasco wanasimulia kuwa ni Ibn Majid, baharia wa Kiarabu, na chanzo chake ni mwandishi mmoja wa Makka wa karne ya 16, aliyeandika tena eti alikuwa amelewa! Ila waandishi wa Kireno wenyewe wanasema Mgujarati, mmoja kamwita "Malemo Cana", na hilo Malemo ni maalim tu, rubani wa chombo zamani akiitwa hivo (ndo ujue jina hili la kwangu lilikuwa la watu wa maana). Kwahivo acha Vasco, uliza: watembeza wageni wa Malindi wanamsimulia nani kuwa rubani, na wamelipata wapi hilo jina? Nenda mnarani, nenda makumbusho, sikiliza wanane, andika.

*

Swali: Mwenzangu kaniwahi, kaandikisha topiki ya kofia za vito, hizi za kushonwa kwa mkono, na ilikuwa yangu wallahi. Nipo Siyu. 

Jibu: Pole. Kama yeye anauliza wanaoshona, we uliza wanaonunua, hazigongani hizo. Au mwachie kofia zake kabisa, Siyu ilisifika kwa kazi ya ngozi tangu zamani, makubadhi na mikanda, tafuta nani hapo bado anaishika na kamfunza nani. Ila kabla ya kumuandikia lekchara nenda ukawaulize kama wako tayari kukaa na wewe, manake wakikataa bora ujue leo kuliko propozo ikishapita.