Presha haipimwi kwa kujisikia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mgonjwa wa presha akijiona amepona, aache dawa?" Mimi niliacha, kwa hiyo najibu kama mtu aliyeonja.

Nilikutwa na 164 kwa 102 siku nilipokwenda kung'oa jino. Kichwa hakikuuma, kizunguzungu sikuwa nacho, na ngazi nilipanda mbilimbili. Nikaandikiwa kidonge kimoja kila asubuhi. Baada ya miezi mitatu kipimo kikasoma 126 kwa 80, nikasema basi, imekwisha hiyo. Vidonge vikabaki kabatini. Nilipopimwa tena baada ya wiki kadhaa, namba ya juu ilikuwa 170, na nilikuwa najisikia mzima vilevile! Kumbe ile 126 ilikuwa kazi ya kidonge.

Namba ya juu ni msukumo wa damu moyo unapojikamua. Ya chini ni pale unapolegea kati ya pigo na pigo. Ukipimwa siku tofauti na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu, uisikie usiisikie. Figo, macho na ubongo huweza kuumia kimyakimya kwa miaka, na wapo ambao taarifa yao ya kwanza ni kiharusi.

Kilichonichukua muda kujifunza ni kupima. Nilikuwa nafika nahema, napachika mguu juu ya mguu, napiga soga huku mkanda unajaa upepo, halafu naishangaa namba. Siku hizi nakaa kimya dakika tano, mgongo nimeuegemeza, nyayo chini, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati. Nusu saa kabla, sigusi kahawa wala sigara. Na nakwenda haja kwanza. Watu hucheka, lakini mkojo uliobanwa hupandisha namba. Napima mara mbili, napumzika dakika moja katikati, naandika zote. Mwenye mkono mnene aombe mkanda mkubwa, kwani mdogo humsingizia presha.

Chumvi mnaijua: Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Kisichosemwa sana ni dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo nazo huweza kupandisha presha.

Wapo wanaopunguziwa dawa baada ya kupunguza uzito na pombe na kuanza kutembea. Ila anayepunguza ni daktari, akiwa na namba zao mkononi.

Nami niseme ukweli wote: sikuacha kwa kujiona nimepona tu. Kidonge kile kilinivimbisha vifundo vya miguu, nikaona haya kurudi kulalamika. Niliporudi nilibadilishiwa siku hiyohiyo, haikuchukua hata dakika kumi.