Jibu: Leaf ya mtumba, joto la Dar na kuchaji nyumbani

Mkuu, umeuliza kama Nissan Leaf (gari la umeme) iliyotumika kutoka Japani inaweza kulipuka ukiichaji nyumbani usiku kwa joto hili la Dar. Mimi ningehofia zaidi soketi yako. Gari lile linavuta umeme saa nyingi mfululizo, si kama pasi ya dakika kumi. Wiki ya kwanza nilichajia kwenye ekstensheni ya dukani. Asubuhi nikakuta plagi imelainika kama mshumaa na soketi ina weusi. Nikaita fundi akavuta waya mnene moja kwa moja kutoka meinswichi, wenye swichi yake na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini). Fanya hilo kabla gari halijashuka bandarini.

Joto linaumiza kwingine. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji, hivyo inachoka mapema. Wenye nazo Arizona, Marekani, walianza kulalamika mwaka 2012. Kwenye dashibodi hesabu vile vistari vidogo vya pembeni vinavyoonyesha uwezo wa betri uliobaki. Kamili ni 12, na kwa Leaf za mwanzo cha kwanza kikipotea ujue kama asilimia 15 ya uwezo imekwenda. Ila wapo wajanja wanaovirudisha kwa kompyuta, kwa hiyo liendeshe umbali wa maana uone chaji inavyoshuka.

Nyaya za rangi ya chungwa fundi wa mtaani asiziguse, zinabeba volti zaidi ya 300. Na likizama kwenye mafuriko ya Jangwani, usilichaji wala usililaze karibu na nyumba. Betri ya lithiamu huweza kuwaka siku kadhaa baadaye.