Maswali ya Wasomaji: Kyubiti 5,000 zinafanya kazi gani?

SWALI: Mhariri, salamu nyingi. Nimesoma kwamba kampuni ya D-Wave, iliyoanzia Kanada, huuza kompyuta za kwanta zenye kyubiti zaidi ya 5,000, ilhali Google, kampuni tajiri kuliko hiyo kwa mbali, mwaka 2024 ilitangaza chipu yake ya Willow yenye kyubiti 105 tu. Je, D-Wave imewaacha wenzake nyuma? Na je, mashine hiyo inaweza kuvunja ulinzi wa akaunti zetu za benki? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mashine hizo mbili hazikujengwa kwa kazi moja, kwa hiyo idadi ya kyubiti zake (vipashio vya kubebea habari katika kompyuta za kwanta, yaani kompyuta zinazotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo sana) hailinganishiki moja kwa moja. Kyubiti za Google, kama zile za IBM, huongozwa hatua kwa hatua, na kimsingi zinaweza kupangiwa hesabu ya aina yoyote. D-Wave, iliyoanzishwa mwaka 1999 katika jimbo la British Columbia, ilichagua njia nyembamba zaidi, ambayo wanafizikia Kadowaki na Nishimori wa Japani waliieleza katika makala yao ya mwaka 1998: mashine inayotafuta suluhisho bora, au lililo karibu na bora, miongoni mwa mengi mno.

Chukua lori moja lenye maduka 10 ya kupitia. Utaratibu wa kuyapitia unaweza kupangwa kwa namna 3,628,800, na kila duka linaloongezwa huizidisha idadi hiyo. Katika mashine ya D-Wave, kila kyubiti ni kitanzi kidogo cha metali ya niobiamu ambamo umeme huzunguka bila kizuizi, na upande unaozungukia ndio unaowakilisha ndiyo au hapana, kwa mfano kwa swali kama duka fulani litangulie. Mwanzoni kila kitanzi huwekwa katika hali inayobeba pande zote mbili kwa pamoja. Kisha, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde, masharti ya tatizo huongezwa nguvu taratibu hadi vitanzi vyote vitulie katika mpangilio wenye nishati ndogo, na mpangilio huo husomwa kuwa jibu. Kazi hiyo hurudiwa mara mamia au maelfu, kwa kuwa si kila mara vitanzi hutulia penye nishati ndogo kabisa. Chipu yenyewe ni ndogo kama ukucha, lakini huhifadhiwa ndani ya jokofu linalokaribia ukubwa wa chumba, katika baridi ya takriban sehemu 15 za elfu za kelvini moja (kipimo kinachoanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho kabisa), yaani baridi inayozidi ile ya anga za mbali, na kuzungukwa na ngao za kuzuia usumaku wa dunia, maana joto dogo tu lingeivuruga kazi yote.

Sasa tuziangalie hizo 5,000. Katika mashine iitwayo Advantage, iliyotoka mwaka 2020, kila kyubiti imeunganishwa na nyingine 15 tu. Tatizo lako likiwa la aina ambayo kila uamuzi wa ndiyo au hapana unategemea kila uamuzi mwingine, inabidi kyubiti nyingi zifungwe pamoja ili ziwakilishe uamuzi mmoja, na hapo mashine nzima hubeba maamuzi yasiyofika 200. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo namba ambayo mnunuzi anapaswa kuiulizia kwanza. Mashine iliyofuata, Advantage2 ya mwaka 2025, ina kyubiti pungufu, zaidi kidogo ya 4,400, lakini kila moja imeunganishwa na 20, na kwa sababu hiyo ni bora kuliko iliyoitangulia.

Kuhusu kasi, mabishano ni ya siku nyingi. Mwaka 2014 watafiti waliipima mashine ya D-Wave dhidi ya kompyuta za kawaida, wakaandika katika jarida la Science kwamba hawakuona dalili ya kasi ya ziada katika matatizo waliyoyapima. Mwezi Machi 2025, katika jarida hilohilo, wanasayansi wa kampuni walidai kuwa wameiga mienendo ya mata zenye usumaku kwa namna ambayo kompyuta kuu haiwezi kuifikia kwa muda wowote wa maana. Watafiti wengine walijibu kwamba sehemu ya kazi hiyo inawezekana kwa mbinu za kawaida. Hata dai hilo likisimama, linahusu usumaku, wala halithibitishi lolote kuhusu safari za malori.

Benki yako haitishwi na mashine hii. Mbinu ya mwanahisabati Peter Shor ya mwaka 1994, ambayo ndiyo inayohofiwa kwa kuwa inaweza kuzigawa namba kubwa zinazolinda siri za mawasiliano, inahitaji mashine za aina ya zile za Google na IBM, tena kubwa kuliko zote zilizopo leo.

SWALI: Je, mwanafunzi asiye na mamilioni anaweza kuijaribu mashine ya D-Wave? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kuinunua ni vigumu, kwani modeli ya mwaka 2017 iliuzwa kwa dola milioni 15. Hata hivyo, tangu mwaka 2018 kampuni imeifungulia njia kupitia intaneti, kwa huduma iitwayo Leap, na vifaa vyake vya programu, Ocean, hutolewa bure na hutumia lugha ya kuandikia programu iitwayo Python. Ndani ya Ocean kuna programu inayoiga mbinu hiyo kwenye kompyuta ya kawaida. Anza na hiyo, ukiwa na tatizo dogo ambalo jibu lake unaweza kulihakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi.