Istilahi za mazingira zisomeni mbili mbili

Kila mwaka hapa Zanzibar tunapokea wapya. Wengine wanatoka vyuoni, wengine wameajiriwa kusaidia kazi za misitu na uvuvi katika shehia, na karibu wote wana daftari lenye orodha ndefu ya istilahi za ikolojia, kila moja na maana yake ya mstari mmoja. Wamezihifadhi vizuri. Lakini ukiwaingiza msitu wa Jozani, au ukiwashusha pwani ya Kizimkazi wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwamba ukiwa wazi, orodha ile haiwafai, kwa sababu maana ya mstari mmoja haisemi neno linaishia wapi na jirani yake anaanzia wapi.

Ushauri wangu kwenu ni huu: msijifunze istilahi ikiwa peke yake. Isomeni pamoja na ile ambayo watu huichanganya nayo, kisha tafuteni mahali hapa visiwani panapozitenganisha. Mkishapaona mahali hapo hamtazisahau tena, na ripoti zenu zitaaminika.

Anzeni na spishi, yaani aina za viumbe: asilia, pekee, ngeni na vamizi. Nne hizi ndizo zinazovurugwa zaidi. Spishi asilia ni ile iliyopo mahali bila kuletwa na binadamu. Spishi pekee ni asilia pia, ila haipatikani kwingine kokote duniani. Mkoko ni asilia kwetu, lakini si wa pekee kwetu, maana umeenea kuanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Kima punju ni wa pekee: nje ya Unguja hakuwa na kwao.

Hapo ndipo Pemba inapoingia na kufanya somo liwe zuri. Katika miaka ya 1970 kima punju wachache walichukuliwa kutoka Unguja wakapelekwa msitu wa Ngezi. Basi mnyama yuleyule, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani, Jozani ni spishi pekee na Ngezi ni spishi ngeni. Jina halikukaa kwenye mwili wa mnyama. Limekaa kwenye uhusiano wake na mahali. Anayeandika "kima punju ni spishi asilia" bila kutaja kisiwa hajamaliza sentensi.

Ngeni nayo si lazima iwe vamizi. Kunguru hawa wanaotusumbua mjini waliletwa kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka. Wakazaana, wakaenea, na mpaka leo wanakula mayai na makinda ya ndege wengine na kuingia mabandani kuchukua vifaranga. Hao ni ngeni na ni vamizi. Mkarafuu nao ni mgeni, asili yake visiwa vya Maluku, na ulifika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Je, ni vamizi? Wapo watakaosema ndiyo, kwa kuwa misitu mingi ya Pemba ilikatwa ili karafuu ipandwe. Mimi nasema hapana. Aliyekata ni mtu mwenye shoka. Spishi vamizi ni ile inayojieneza yenyewe na kuleta madhara popote inapofika, na mkarafuu usiotunzwa humezwa na vichaka. Tofauti hii inaamua nani aulizwe na fedha ziende wapi: kwa kunguru unashughulika na ndege, kwa shamba la karafuu unashughulika na matumizi ya ardhi.

Makazi na nafasi ya kiikolojia ni jozi nyepesi zaidi, nitaipita haraka. Makazi ni pale kiumbe anapoishi. Nafasi ni kazi anayoifanya pale, anachokula, saa anazotoka na nani anamtegemea. Popo wa Pemba, ambaye naye ni wa kisiwa hicho tu, makazi yake ni miti mirefu kama ile ya Kidike. Nafasi yake ni kula matunda usiku na kudondosha mbegu mbali na mti mama. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa amebaki mmoja mmoja kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Wanavijiji walipoamua kumlinda alirudi kwa maelfu. Ukiandika makazi peke yake, msomaji ataelewa miti imepotea, lakini hataelewa kwa nini miche michanga nayo imepungua.

Kundi, jamii na mfumo ikolojia ni ngazi tatu, na hapa nawaomba muwe wakali na maneno yenu. Kundi ni viumbe wa spishi moja katika eneo moja. Jamii ni makundi ya spishi mbalimbali yanayoishi pamoja. Mfumo ikolojia ni jamii hiyo pamoja na visivyo hai: maji, chumvi, mwanga, tope, joto. Dhana hii ya mwisho iliingizwa katika sayansi na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935. Kwa kuwa neno "jamii" pia ni watu wa kijiji, kwenye ripoti andikeni "jamii ya viumbe" kila mara, hata kama inachosha. Nimeona mkutano wa shehia ukipotea nusu saa kwa sababu wazee walidhani wanazungumziwa wao.

Mahali pa kuziona ngazi hizi ni Ghuba ya Chwaka. Hesabuni samaki aina ya tasi walioingia kwenye madema, yaani mitego ya samaki: hilo ni kundi. Tazameni tasi, pono, nyasi bahari na kaa kwa pamoja: hiyo ni jamii. Kisha fuateni maji yanavyotoka kwenye mikoko yakiwa na majani yaliyooza, yakapita kwenye nyasi bahari na kufika kwenye matumbawe, halafu yakarudi wakati wa kujaa. Samaki wadogo hukulia kwenye mikoko na nyasi, wakubwa huhamia mwambani. Mkikata mikoko ya juu, mvuvi wa mwamba ataona upungufu bila kujua umetoka wapi. Mfumo ndio unaomjibu. Kundi peke yake haliwezi.

Na mkishaijua tofauti hii, epukeni sentensi "mazingira yameharibika". Siipendi hata kidogo. Haisemi kitu kinachoweza kupimwa. Semeni tasi wamekuwa wadogo kuliko zamani, au mchu, aina ya mkoko, umekauka upande wa nchi kavu, au kisima kimeingia chumvi. Mtu akisoma aweze kwenda kuhakiki.

Sasa jozi ninayoijali kuliko zote: hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni ya leo, ya wiki hii, hata ya msimu huu. Tabianchi ni mwenendo wa miaka mingi, na wataalamu kwa kawaida huchukua wastani wa miaka 30. Vuli ikikosekana mwaka mmoja, hiyo ni hali ya hewa. Wakulima wakisema vuli haitabiriki kama walivyoizoea, hapo mnapata swali la tabianchi, na jibu lake liko kwenye kumbukumbu za mvua za miaka mingi, si kwenye joto la mchana mlilolisikia nyinyi.

Kwa wanaofanya kazi baharini, jozi hii inashikamana na nyingine: kupauka na kufa kwa matumbawe. Tumbawe ni mnyama anayeishi na mwani wa chembe moja ndani ya mwili wake, na mwani huo humpa chakula na rangi. Joto la maji likizidi kiwango cha juu cha kawaida cha kiangazi kwa nyuzi moja hivi, na joto hilo likadumu wiki kadhaa, tumbawe humtoa mwani na kubaki jeupe. Hapo limepauka, halijafa. Maji yakipoa mapema hurejea. Yakichelewa hufa kwa njaa, na baada ya muda mfupi mwani wa kawaida hulifunika likawa la kijani au kahawia. Mwaka 1998, wakati wa El Niño kali, miamba mingi ya Bahari ya Hindi magharibi, pamoja na yetu, ilipauka vibaya. Ukipiga mbizi ukaona jeupe, andika "limepauka", tarehe na kina cha maji, kisha rudi tena. Anayeandika "yamekufa" siku ya kwanza anaweza kuzuia kazi ambayo ingefaa kuendelea.

Mwani unaolimwa unatoa mfano wa karibu zaidi na maisha ya watu. Kilimo cha biashara kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa mbegu za kutoka Ufilipino, na wakulima wengi ni wanawake: Paje, Jambiani, Bwejuu, na vijiji vingi vya Pemba. Aina ya cottonii ina bei nzuri lakini haistahimili maji ya moto ya kina kifupi. Spinosum ni ngumu zaidi na bei yake ni ndogo. Bibi akikwambia mwani wake unageuka mweupe, unalainika na kukatika, usikimbilie kuandika "mabadiliko ya tabianchi". Andika alichokiona, joto la maji, kama ni bamvua au maji mafu yasiyojaa wala kupwa sana, upepo ni kaskazi au kusi. Tabianchi itaonekana daftari za miaka zikiwekwa pamoja. Daftari lako ni ukurasa mmoja wa hizo, na ndiyo maana halitakiwi kuwa na ukurasa wa kubahatisha.

Ukame na uhaba wa maji navyo havifanani. Ukame ni mvua kupungua. Uhaba unaweza kuwepo mvua ikinyesha vizuri. Chini ya ardhi yetu ya mawe ya matumbawe maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, na kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, chini yake huwa kuna takriban mita 40. Ukivuta maji hadi kiwango kishuke mita moja, chumvi inaweza kupanda hiyo arubaini. Kijiji cha pwani ya mashariki kinaweza kuwa na mvua ya kutosha na visima vya chumvi kwa wakati mmoja, na lawama ikapelekwa mbinguni wakati pampu ziko jirani.

Uhifadhi na kufunga eneo ni jozi itakayowagombanisha na wavuvi msipoielewa. Uhifadhi ni kutumia kwa namna ambayo kitu hakitaisha. Kufunga ni njia mojawapo tu. Mwamba wa Chumbe umelindwa tangu 1994 na hauvuliwi kabisa. Ghuba ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997, lakini watu wanavua humo kwa masharti. Kisha kuna kufunga kwa muda, kama wanavyofanya Kisiwa Panza kwa pweza. Pweza hukua haraka mno, na jike hutaga mara moja maishani na kufa, hivyo miezi michache ya kuacha mwamba upumzike inaonekana kwenye mizani siku ya kufungua. Ukifika kijijini ukatamka "hifadhi", watu husikia "tunafukuzwa". Taja njia unayoizungumzia, na muda wake, kabla hujataja neno lenyewe.

Daftari la kazi ligaweni kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andikeni maneno ya mvuvi au mkulima kama alivyoyasema, pamoja na jina la mahali analolitumia yeye. Kulia andikeni istilahi mnayodhani inahusika, jirani yake mliyemkataa, na sababu ya kumkataa. Kisha rudini kwa yule yule mkamsomee ukurasa wa kulia kwa maneno ya kawaida. Akisema sivyo, futeni mbele yake na mwulizeni tena.