Kaka Fundi, nichukue bando gani la kurusha hotispoti?

Mwezi huu karibu kila meseji iliyoingia kwenye safu hii ilikuwa ya hotispoti, yaani kurusha intaneti ya simu kwenda kwenye laptopu au simu nyingine, sijui ni vyuo kufunguliwa au ni nini. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nikiijibu hiyo nimeshawajibu wengine kibao, nyingine tutaenda nazo haraka haraka.

SWALI: Kaka Fundi mambo vipi, mimi ni binti naishi Njiro hapa Arusha, nimemaliza chuo na sasa hivi nafanya kazi ya mtandaoni ya kusikiliza rekodi za sauti na kuziandika, halafu kila siku ya kazi jioni tuna kikao cha Zoom kinachochukua kama saa mbili hivi. Laptopu yangu inategemea hotispoti ya simu tu. Nanunua bando la wiki, katikati ya wiki limekata! Halafu kuna wakati nikiangalia salio naona GB zipo kabisa, simu inafungua WhatsApp fresh lakini laptopu haifungui kitu. Rafiki yangu anasema eti kuna bando haziruhusu hotispoti. Ni kweli? Na nichukue lipi?

JIBU: Poa dada. Rafiki yako hajakosea sana ila amekupa nusu ya habari.

Kwa laini zetu za kununua vocha, bando la kawaida la intaneti halina ubaguzi, MB ni MB, uitumie kwenye simu, uirushe kwenye laptopu, mtandao unakata tu. Shida inaanzia kwenye zile bando zenye jina la pili. Bando la mitandao ya kijamii, bando la usiku, bando la YouTube, ile ofa inayokuja kwa meseji "kwa ajili yako tu", na zile za bila kikomo. Hizo kila moja ina masharti yake na masharti yenyewe yanaandikwa sehemu ambayo hakuna mtu anafika, wengi wetu tukishaona neno ofa tunabonyeza 1 tunaendelea na maisha.

Sasa hebu turudi kwenye shida yako, simu inafungua WhatsApp na laptopu haifungui kitu. Mimi nina wasiwasi hapo hotispoti inasingiziwa bure. Angalia vizuri ile meseji ya salio, mara nyingi inakuja imegawanywa, intaneti kiasi fulani, halafu chini yake mitandao ya kijamii kiasi fulani, dakika, SMS. Wewe unaona GB mbili unafurahi, kumbe GB zenyewe ni za WhatsApp na Instagram tu, zile za kufungua kila kitu zimeshaisha tangu jana. Jipime hivi, zima hotispoti, zima na waifai kama imewaka, halafu kwenye simu hiyohiyo fungua tovuti yoyote ya habari. Ikigoma basi tatizo ni aina ya bando. Ikifungua vizuri na laptopu bado inagoma, hapo ndo tuanze kuongelea mambo ya hotispoti.

Na kuna watu wataniuliza, kwani mtandao unajuaje kama nimeunganisha laptopu? Unajua. Kila pakiti ya data, yaani kipande kidogo cha data, inayotoka kwenye kifaa imebeba namba ya kuhesabu vituo inavyopita, simu nyingi zinaanzia 64 na Windows inaanzia 128, na kila ikipita kifaa kinachoipokea na kuipeleka mbele namba inapungua moja. Kwahiyo data ya simu yenyewe inatoka kwenye simu ikiwa na 64, ya laptopu iliyopitia kwenye simu inatoka ikiwa na 127, na ya simu ya mdogo wako uliyomrushia inatoka na 63. Mwenye mtandao akitaka kukamata hahitaji kukuchungulia unafanya nini. Kuna vijana mjini wanauza ujanja wa kubadilisha hizo namba, mimi siuuzi na sikushauri, ukinunua bando sahihi huna haja ya kuishi kwa kujificha.

Haya, mbona linakata katikati ya wiki. Zoom kwanza. Video ya watu wawili, ubora wa kawaida, Zoom wenyewe wanasema inahitaji kama kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi, ukipiga hesabu ni karibu MB 540 kwa saa. Saa mbili kwa siku, siku tano, hiyo ni zaidi ya GB 5 kwa wiki na bado hujafungua hata rekodi moja ya kazi yako. Mkiwa wengi na picha ikiwa kali inapanda zaidi. Ukizima video ukabaki na sauti tu inashuka sana, haifiki hata MB 100 kwa saa, kwahiyo kama bosi hana haja ya kukuona sura zima kamera, usione aibu, sema tu mtandao.

Lakini mlaji mkubwa mimi namshuku mwingine kabisa, nayo ni laptopu yenyewe. Ukiiunganisha kwa hotispoti inadhani imefika kwenye waifai ya ofisini, ya bure, isiyo na mwisho. Inaanza kushusha apdeti za Windows ambazo zinaweza kufika GB kadhaa kwa mkupuo, inapandisha mafaili kwenye OneDrive, Google Drive nayo inasawazisha zako, na wewe umekaa hapo na kurasa mbili tu umefungua unajiuliza bando linaenda wapi. Dawa yake ni ndogo mno na wengi hawaijui. Kwenye Windows nenda setingi za waifai, bonyeza jina la hotispoti yako, utaona swichi imeandikwa metered, iwashe. Hapo laptopu inaelewa kuwa data hii inalipiwa na apdeti kubwa nyingi zinasubiri. Wenye Mac wana yao inaitwa Low Data Mode, ipo kwenye jina la waifai hapohapo. Fanya hilo leo kabla hujabadilisha bando lolote.

Kuchagua sasa. Kwa kazi yako, Zoom peke yake inakaribia GB 22 kwa mwezi, ongeza na rekodi unazoshusha na maisha yako mengine, achana na bando za siku na wiki, chukua la mwezi la intaneti tupu, lisilo na dakika mia tatu ambazo huzitumii wala mitandao ya kijamii ya kuongezea uzito. Linauma kulipa mara moja, najua, ila GB moja kwenye bando la mwezi mara nyingi inatoka bei nafuu kuliko ya siku. Bei sikutajii hapa, leo ikiandikwa gazeti likitoka zimeshabadilika.

Zile za bila kikomo usizikimbilie. Muulize mhudumu maswali mawili, je spidi inashuka baada ya GB ngapi, na je hotispoti imo. Akianza kuzungukazunguka omba asome masharti kwenye simu yake mkiwa wote, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama spidi ikishuka inabaki ile ya kufungua meseji tu basi kwa mtu wa Zoom hilo bando lina kikomo, wamelipa jina zuri tu.

Na kabla ya yote hayo, pima mtandao pale unapokaa. Njiro ni kubwa, laini inayopiga kazi huko barabarani inaweza kuwa kimeo chumbani kwako. Vodacom, Airtel, Yas ambayo zamani ilikuwa Tigo, Halotel, TTCL, zote utapata jirani mwenye laini yake, mwambie akurushie hotispoti dakika kumi jioni saa ya kikao chako, maana asubuhi mtandao una spidi hata kama ni mbovu. Ukiona laini mbili zinakaribiana weka zote mbili kwenye simu, moja ya kazi na nyingine bando dogo la dharura.

Jambo la mwisho kwako, kanuni za TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, za 2021 zinataka mtandao ukutaarifu ukifika asilimia 75 ya bando na likiisha, na wasikuhamishie kwenye salio la kawaida bila ridhaa yako. Kwahiyo zile meseji usizifute bila kusoma, na ule uchaguzi wa kuendelea kukatwa kwenye salio bando likiisha, hakikisha umezimwa, laptopu inaweza kumaliza vocha ya elfu kumi kabla hujanyanyuka kwenye kiti.

SWALI: Oya Fundi, chalii wako wa Sakina hapa. Nimechukua simu yuzdi ya Android imetoka Marekani, kali sana, kamera hatari, ila nikiwasha hotispoti inakuja meseji ya kizungu kwamba nisajili huduma kwa mtandao wangu. Bando ninalo la mwezi. Nimewapigia huduma kwa wateja wananiambia kwao hakuna shida!

JIBU: Na kweli kwao hakuna shida chalii wangu. Simu yako ilizaliwa chini ya kampuni ya simu ya kule Marekani na programu ya ile kampuni bado imo ndani. Kule hotispoti ni huduma inayoorodheshwa peke yake kwenye plani, kwahiyo simu ukiiwasha inaenda kwanza kuuliza kwa wenyewe, huyu amelipia? Hapa Sakina hakuna wa kuijibu, ndo inakurudishia hiyo meseji. Kufungua laini, hata kama fundi alikwambia simu imeshafunguliwa, ni kitu kingine, kunaruhusu laini yoyote isome tu, hakuondoi hicho kizuizi.

Jaribu kwanza kwa waya wa USB, halafu jaribu Bluetooth, kuna simu zinakubali ingawa nyingi za hivyo zinagoma kotekote. Ikishindikana fundi anayeelewa anaweza kuiwekea programu ya kiwanda isiyo ya kampuni ya simu, ila hifadhi picha na namba zako kabla hujamkabidhi, na kwa baadhi ya modeli haiwezekani kabisa. Wengine mnaotaka kununua hizo simu pale mjini, washeni hotispoti dukani, na laini yenu ikiwa ndani, kabla hela haijatoka mfukoni. Muuzaji akinuna mwache anune.

Wa iPhone ambao sehemu ya hotispoti imepotea kabisa kwenye setingi, yenu ni rahisi zaidi. Ingieni kwenye setingi za APN, yaani jina la lango ambalo simu inapitia kuingia intaneti ya mtandao wenu, mkishuka chini kuna kisehemu cha hotispoti kiko kitupu, andikeni APN ya mtandao wenu, zima simu, washa.

SWALI: Habari kaka, mimi ni mwongozaji wa kupandisha wageni Kilimanjaro, niko Moshi. Wageni wangu wa Kimarekani wananiuliza kama hotispoti ya laini zao za kwao itafanya kazi huku, mmoja anataka kufanya kazi kwa laptopu akiwa njiani. Nimjibu nini?

JIBU: Mjibu asome plani yake kabla hajapanda ndege. Kampuni kama Verizon, AT&T na T-Mobile zinaandika hotispoti kwa hesabu yake, simu inaweza kuwa bila kikomo lakini hotispoti ina GB zake, zikiisha spidi inabanwa. Na wakitoka nje ya nchi yanakuja masharti mengine juu ya hayo. Wenzetu wamegombana sana na hili, mwaka 2012 Verizon ililipa dola milioni 1.25 kumaliza kesi na mamlaka ya mawasiliano ya kule, FCC, iliyohusu kuzuia wateja kupata programu za kurushia intaneti. Sisi tunalalamikia bei tu, hatujui tunavyodekezwa.

Kilicho rahisi ni anunue laini ya hapa. Aende na pasipoti kwenye duka la kampuni, alama ya kidole itachukuliwa, achukue bando la mwezi la kawaida, arushe anavyotaka. Akitaka eSIM za kitalii, zile laini zisizo na kadi, za kununua mtandaoni sawa, ila aangalie kama wameandika tethering, yaani kurusha intaneti, inaruhusiwa, zipo zinazokataa. Mlimani usimuahidi kikao. TTCL walipeleka intaneti ya kasi mpaka Horombo, mita 3,720, Agosti 2022, lakini njia yako ikiwa nyingine au wingu limekaa vibaya utabaki wewe ndo unaulizwa maswali. Na baridi ya usiku kule inanyonya betri, simu inayorusha hotispoti ndo inaanza kufa, alale nayo ndani ya begi la kulalia.

SWALI: Kijana wangu hujambo. Mimi ni mama wa Kibosho. Likizo wajukuu watatu wapo hapa, kila mmoja anataka intaneti, na simu yangu moja inachemka mpaka naogopa. Nimeambiwa ninunue kile kidude cha waifai. Ni lazima?

JIBU: Shikamoo mama, sijambo kabisa. Kwa likizo tu siyo lazima. Simu inachemka kwa sababu inafanya kazi mbili huku imechomekwa kwenye chaja, tena labda ipo ndani ya kava. Ivue kava, iweke dirishani upande unaoshika mtandao vizuri, migomba ikiwa mingi upande mmoja jaribu mwingine, wajukuu wakae popote ndani wataipata. Simu nyingi za Android zina sehemu ya kuweka kikomo cha data kwenye hotispoti, mwambie mkubwa wao aweke GB moja, ikifika inajizima yenyewe, na video waangalie kwa ubora wa chini, maana filamu ya ubora wa juu inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa moja na wao wapo watatu.

Kama wanahamia moja kwa moja basi nunua ruta ya laini, ila kabla ya kulipa uliza kama inakubali laini ya mtandao wowote au ya kampuni moja tu, kwa sababu huko mlimani mtandao unaoshika kwa jirani siyo lazima ushike kwako. Na neno la siri la hotispoti libadilishe mama, hiyo 12345678 mtaa mzima wanaijua.