Kumhoji mkuu wa kaya pekee hakutoshi

Ndugu, umeuliza kama kwenye utafiti wa kitaifa wa elimu ya fedha inatosha kumhoji mkuu wa kaya, na kama watu 400 wanatosha.

Hilo la kwanza ndilo lenye hatari. Mkuu wa kaya anaweza kukusimulia mali na mapato ya nyumba, lakini uelewa wa riba ni wa mtu binafsi. Ukiwahoji wakuu tu, wanawake wengi na vijana watakupotea. Orodhesha watu wazima wote, kisha mchague mmoja kwa nasibu. Kwa uchaguzi huo, jedwali la mtakwimu Leslie Kish la mwaka 1949, linalomwelekeza mdadisi amhoji nani kati ya walioorodheshwa, bado linafaa. Halafu majibu yake yape uzito kulingana na idadi ya watu wazima nyumbani mwake, maana penye wengi nafasi ya kila mmoja kuchaguliwa ni ndogo (wengi hulikumbuka hili takwimu zikishafika mezani).

Hesabu ya 400 ni ya sampuli nasibu sahili, yaani watu wanaochaguliwa mmojammoja kutoka nchi nzima, yenye kosa la asilimia 5 hivi juu au chini. Wewe utachagua maeneo kwanza, na majirani hufanana, hivyo kila mmoja anakuongezea taarifa kidogo. Athari ya usanifu (mara ngapi sampuli iongezwe kufidia mfanano huo) ikiwa 2, utahitaji kama 800, tena kwa makadirio ya taifa zima tu, si ya kila mkoa.

Maswali ya maarifa usiyabuni. Chukua ya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo.

Kuhusu ulinzi wa mtumiaji, usiulize "umewahi kutapeliwa?" Watu huona aibu. Taja tukio mojamoja ndani ya miezi 12: makato asiyoyaelewa, mkopo ambao hakuelezwa masharti yake, alilalamika wapi, akajibiwa nini. Na mdadisi asiulize hayo mwenzi wa mhojiwa akiwa amekaa pembeni.