Mama Mkunga Anajibu: Nikiondoka, nitakuwa nimeusaliti wito?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 36, ni muuguzi mkunga katika kituo cha afya cha wilayani, na mwaka huu natimiza miaka 11 nikiwa wodi ya wazazi. Hospitali moja ya binafsi mjini imeniita kazini kwa mshahara unaokaribia mara mbili ya huu wa sasa. Mume wangu anasema niende. Mimi nikiwafikiria akina mama wa huku, machozi yananitoka. Halafu kila nikidai posho zangu za zamu za usiku, kiongozi wangu hunijibu, "Uuguzi ni wito." Je, nikiondoka nitakuwa nimeusaliti?
Muuguzi, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu.

Nianze na posho, maana hapo umenigusa penye kidonda. Muuguzi ana wito, na ana watoto wa shule na kodi ya nyumba vilevile. Neno hilo ni lako. Ndilo linalokuamsha saa nane usiku ukampokee mama aliyeletwa kwa bodaboda, huku chupa ya maji imeshapasuka. Anayelitumia kukunyamazisha usidai haki yako amelichukua bila kukuomba. Endelea kudai, tena kwa maandishi, ukibaki au ukiondoka.

Sasa machozi. Sitakwambia uyafute tu. Nilizalisha miaka 34, na 12 ya mwanzo niliimaliza katika wodi moja. Nilipohamishwa, usiku wangu wa tatu kwenye hospitali mpya, mtoto alizaliwa kimya. Nikamkausha, nikamsugua mgongo. Kimya. Mkono wangu wa kushoto ukaenda wenyewe kuchukua ambubagi, ule mfuko wa kumpulizia hewa asiyepumua, kwa sababu kule nilikotoka ilining'inia kwenye msumari, kushoto kwa kitanda. Nikashika ukuta. Ilikuwa kabatini, chumba cha pili, na ufunguo alikuwa nao mwenzangu aliyekwenda maabara. Wewe unajua dakika ya kwanza inavyoitwa ya dhahabu: asiyepumua anatakiwa aanze kupewa hewa kabla haijaisha. Mtoto yule alilia, namshukuru Mungu mpaka leo, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi kunakucha.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kuizoea wodi ni mazoea tu. Miaka 11 imekufundisha kitanda kipi kinavujiwa mvua ikinyesha, dereva yupi wa gari la wagonjwa hupokea simu usiku wa manane, mama yupi alitokwa na damu nyingi uzazi uliopita na hatakiwi kuachwa ajifungulie nyumbani. Huo ni ujuzi, na wapo walio hai leo kwa sababu yake.

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Canada, Natalie Allen na John Meyer, walieleza mambo matatu yanayomfunga mtu na mahali pake pa kazi: anapapenda, anaogopa atakachopoteza akiondoka, au anaona ana deni la kubaki. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mapenzi yamo, ila deni ndilo lililojaa. Mwanangu, deni gani hilo ambalo miaka 11 ya usiku haijalilipa?

Hata huyo tunayemkumbuka kwa mishumaa kila Mei 12, Florence Nightingale, muuguzi aliyeitwa Bibi wa Taa kwa kuwazungukia majeruhi usiku na taa mkononi, alikaa Scutari, kwenye hospitali ya kijeshi huko Uturuki, tangu Novemba 1854 hadi katikati ya 1856, Vita vya Crimea vilipokwisha akarudi kwao Uingereza. Mwaka 1860 shule yake ya wauguzi ikafunguliwa London, hospitali ya St Thomas. Taa haikubaki Scutari.

Kwa hiyo mimi nasema nenda, ila kabla hujasaini, omba uione leba yao usiku. Uliza zamu moja ina wakunga wangapi, damu inatoka wapi, na mama akihitaji upasuaji saa tisa anaitwa nani na anafika baada ya muda gani. Wakianza kukuonyesha vigae na viyoyozi badala ya kukujibu, rudi kwako, utakuwa umeshapata jibu. Suala la pensheni na taarifa ya kuacha kazi liulize mapema kwa afisa utumishi.

Na usiondoke kimyakimya. Mchague binti mmoja kati ya hao wauguzi wachanga, uzunguke naye wodi zamu baada ya zamu, umkabidhi yale yasiyoandikwa kwenye kitabu cha ripoti: kitanda kinachovujiwa, namba ya yule dereva, majina ya wale akina mama.

Kisha siku yako ya kwanza mjini, kabla hujavaa glovu, tafuta ambubagi ilipo. Ukikuta imefungiwa kabatini, omba msumari.